Mpira wa Breki Uliotufikisha Muscat

Breki ya mbele ya Yamaha XT 600 ya mume wangu ilikuwa inashika vizuri. Tatizo lake lilikuwa kuachia. Baba Salma aligundua hilo akitoka kumsalimia mama yake Lushoto, kwenye kona za Soni, kabla hujafika Mombo. Akiachia mkono wa breki, gurudumu linaendelea kubanwa. Kufika chini alidondoshea diski maji ya chupa, yakageuka mvuke papo hapo.

Mama mkwe alipopata habari alinipigia simu mimi, si mwanawe. "Uzeni hilo dude. Mwanangu asije akanifia mlimani." Nilimwelewa, lakini sikukubali. Pikipiki hiyo ni ya miaka ya 1980, tuliachiwa na marehemu baba mkwe, na kiti chake cha nyuma ndicho kilichokuwa kikimpeleka mama huyohuyo sokoni.

Fundi wetu hapa Ngamiani, Tanga, alifungua kalipa, akasafisha pistoni, akaweka pedi mpya. Breki ikang'ang'ania vilevile. Aliyeujua ugonjwa ni jirani yetu, mzee aliyestaafu ufundi wa magari. Aliukunja mpira wa breki kwa vidole, nyufa zikafunguka. "Hizi za nje si kitu, mama Salma. Huu umevimba ndani. Ukibana, nguvu ya mkono inayasukuma mafuta yapite. Ukiachia, hakuna wa kuyarudisha." Yamaha wenyewe hushauri mpira huo ubadilishwe kila baada ya miaka 4. Wetu ulionekana wa tangu kiwandani.

Basi nyumba nzima ikaingia kazini. Tanga haina uhaba wa maduka ya spea za pikipiki, ila spea zenyewe ni za bodaboda, na Boxer zilizojaa mitaani zina breki za dramu ambazo hazitumii mafuta wala mpira. Shemeji yangu wa Dar akazunguka Kariakoo na picha kwenye simu, akatutumia kwa basi mpira wa Pulsar. Ukawa mfupi, haukufika kwenye kalipa. XT imeundwa kwa njia za mashimo, shokapu zake za mbele hupanda na kushuka zaidi ya sentimita 20, na mpira lazima uufuate mwendo wote huo.

Baba Salma akachoka kungoja. Akaenda kwenye karakana inayotengeneza mipira ya haidroliki ya matrekta ya mashamba ya mkonge. Wakamkatia mpira mnene, wakaubana vichwa kwa mashine, wakamhakikishia kwamba unainua tela lenye mzigo. Kwa presha, ni kweli. Lakini mpira wa trekta ndani yake umetengenezewa mafuta ya haidroliki. Mafuta ya breki ya DOT 4 ni kitu kingine kabisa, na huutafuna mpira wa aina hiyo. Haukupita muda mrefu tangu aufunge, akafungua kikopo cha mafuta pale kwenye usukani nikiwa nimesimama kando. Mafuta yaliyotiwa yakiwa na rangi ya asali yalikuwa meusi, na kidole chake kikatoka na chembe za mpira. Chembe moja tu ikiziba kitundu cha masta silinda, breki inanata tena mlimani. Niliuchukua ufunguo wa pikipiki nikaufungia kwenye droo ya cherehani yangu.

Mimi ni fundi cherehani, kupima ndiyo kazi yangu. Tuliipandisha pikipiki juu ya kreti za soda mpaka gurudumu la mbele likaning'inia na shokapu zikanyooka. Nikapitisha waya wa umeme palepale ulipopita mpira wa zamani. Salma akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, kuona kama waya unavutika. Halafu nikaweka futi, kutoka katikati ya tundu la kichwa cha juu hadi katikati ya tundu la chini. Urefu ulizidi mita moja. Nikachora na jinsi kila kichwa kilivyopinda, maana kikikosewa mpira hujinyonga kila unapokata kona. Boliti zake, kama za pikipiki nyingi za Kijapani, ni milimita 10 zenye nyuzi za 1.25. Zipo za 1.00 ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ukizilazimisha unaua kalipa.

Wifi yangu anaishi Muscat. Huko alipata duka lililomtengenezea mpira kwa vipimo vyangu, ndani bomba la teflon, nje wavu wa chuma cha pua. Uliletwa na mgeni aliyekuja likizo, pamoja na washa nne mpya za shaba, mbili kwa kila boliti. Raba zote za ndani ya breki zilizoguswa na yale mafuta meusi tulizibadilisha.

Siku ya kutoa upepo mama mkwe alikuwa kwetu, amekaa barazani. Salma kwenye mkono wa breki, baba yake chini kwenye kalipa na chupa. "Bana! Shikilia!" Anafungua nati, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. "Haya, achia." Wakaenda hivyo vizuri mpaka Salma akabana kwa nguvu kikopo cha juu kikiwa wazi, mafuta yakaruka juu ya tangi. Mafuta ya breki hula rangi. Baba Salma alikuwa bado anatafuta kitambaa, mama mkwe akawa ameshanyanyuka na ndoo ya maji na kulimwagia tangi lote. Hakuna dawa nyingine iliyo bora. Rangi ilipona, isipokuwa sehemu ndogo karibu na mfuniko.

Wewe mwenye pikipiki ya zamani yenye breki ya mafuta, nakuomba leo uinue gurudumu la mbele, ulizungushe kwa mkono, ubane breki, uachie, kisha ulizungushe tena. Likigoma, kabla ya kununua pedi utazame mpira. Na ukienda kutengenezewa mwingine, uliza ndani yake umetengenezewa mafuta gani. Wakikujibu haidroliki, ondoka.