Koki Zote Zinatoa

Baba watoto alirudi kutoka kuikagua nyumba ya Mkata tuliyotaka kununua akiwa na daftari limejaa. Mita 30 za hifadhi ya barabara kuu alizipima kwa kamba kutoka katikati ya lami, maana tangu Sheria ya Barabara ya 2007 si wachache waliokuta X nyekundu ukutani. Mke wa muuzaji katia sahihi, mwenyekiti kashuhudia, majirani wa mipaka yote wameitwa. Kwa karatasi, mume wangu humwezi.

“Na maji?” nikamuuliza.

“Koki zote zinatoa.”

Zilitoa kweli. Tulihamia Jumamosi, Jumapili jioni zikaanza kukoroma, kisha zikatoa upepo mtupu. Fundi akalifuata bomba hadi nje ya ukuta, akachimba, akainua ncha iliyozibwa kwa mfuko wa rambo. Halikuunganishwa popote. Maji tuliyokuwa tukiogea muuzaji aliyanunua kwenye boza, akajaza tangi kabla ya siku ya ukaguzi. Na hii ni Handeni, wilaya iliyolazimika kuvutiwa maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe kwa mradi wa HTM! Huku huulizi koki. Unaomba uoneshwe mita ya maji na bili ya mwezi uliopita.

LUKU nayo ikatucheka. Nilinunua ya elfu kumi, zikaja uniti za kuwashia taa ya uani tu. Kodi ya majengo inakatwa humo tangu Agosti 2021, na nyumba ilikaa tupu muda mrefu bila mtu kununua umeme. Deni lilikuwa linatusubiri sisi.

Hayo tukayameza. Likabaki la shangazi.

Shangazi yake baba watoto alikuja kuiona nyumba, na vigae tulivyojivunia hakuviangalia hata kidogo. Akachomoa pini kichwani, akachokonoa fremu ya mlango chini kabisa, karibu na sakafu. Rangi mpya ikabonyea, ukamwagika unga wa mchwa. Akajifuta kidole kwenye khanga, akageukia chooni.

“Mwanangu, uchafu wa hapa unakwenda wapi?”

Tukaizunguka nyumba. Mfuniko wa shimo hakuna. Jirani alikuwa ng’ambo ya michongoma, anawapa kuku pumba.

“Shimo lenu liko huku kwangu, shemeji, chini ya banda. Kiwanja kilikuwa kimoja, ndugu wakagawana.”

“Lakini si ulikuja siku ya mauziano ukatia sahihi?” baba watoto akafoka.

“Nilikuja. Niliulizwa mipaka, choo sikuulizwa.”

Shangazi alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka, bei ya mchimbaji na mawe niliijua.

Sasa tunachimba letu, na jirani amekubali kutuvumilia hadi masika. Wewe unayetafuta nyumba huku kwetu, fedha usizitoe mfukoni kabla hujaoneshwa mfuniko wa shimo la choo, nao uwe ndani ya kiwanja unachonunua.