Jua Halipandi Mlima

Sisi wa Magole tumelelewa kulilaumu jua. Linakausha mpunga, linachemsha bati mpaka paka anahama darini. Mvua nayo ikija haina adabu: Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu pale daraja la Dumila na kuwaacha wengi wetu bila makazi. Kwa hiyo ukoo wa mke wangu ulipotupa shamba Nyandira, kule Mgeta, zaidi ya meta 1,500 juu kwenye milima ya Uluguru, niliitikia kabla hawajamaliza sentensi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, hivyo mimi nilipanda mlima nikiwa sehemu ya mizigo ya mke, pamoja na magodoro.

Mpango ulikuwa safi: paneli ya sola, kilimo hai, hakuna bili wala mbolea ya dukani. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia bondeni, nasi tukajiona wenye bahati.

Paneli ilipofungwa tu, ukungu ukashuka, ukakaa kama mgeni aliyepoteza nauli. Umeme wa nguzo ukikatika kuna namba ya kupiga na mtu wa kumnunia. Ukungu hauna huduma kwa wateja. Taa zilizima katikati ya chakula, na ziliporudi nyama zangu hazikuwepo. Shemeji akaapa kwamba nilizila mwenyewe kwa hofu.

Mafuta ya nazi niliyotoka nayo nyumbani yalikuwa maji matupu. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Nyandira asubuhi nyuzi hizo ni za kusimuliwa. Niliyachokoa kwa kijiko, nikajipaka kichwani, nikaenda kanisani. Mama mmoja wa benchi la nyuma akanipangusa kwa kitenge, akawalaani ndege wa siku hizi.

Shambani nako kulikuwa na historia. Mwaka 1955 Waluguru walimgomea Mwingereza aliyewalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Nilipochimba la kwanza, mgongo wangu ulijiunga na mgomo ule bila kuuliza umechelewa miaka mingapi.

Tukaja kwenye mboji. Rundo zuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea. Langu lilikuwa na uvuguvugu wa kiasi tu cha kuwapendeza kuku. Wakahamia juu yake, wakataga, wakalichakura likasambaa. Tukavuna mayai kabla ya mbolea. Bibi yake mke wangu, ambaye kwa utani wa kwetu mimi ni mumewe, akapita akicheka: “Mume wangu, hiyo ni mboji au chumba cha wageni?” Akaniagiza nijenge rundo la meta moja kila upande, nichanganye samadi ya mbuzi, nilifunike kwa nyasi. Rundo dogo kwenye baridi hupoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha.

Samadi ilimaanisha mbuzi. Mbuzi wa maziwa wa Mgeta wana damu ya Norway, waliletwa miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine. Mimi nilitetemeka ndani ya makoti mawili. Mbuzi wetu, akiwa kwenye hali ya hewa ya mababu zake, aliruka banda na kumaliza sukuma wiki.

Zikabaki nyanya, nazo zikapigwa na baka jani chelewa, ugonjwa unaopenda baridi na unyevu. Nikazinyunyizia maji ya mwarobaini niliouleta kwa gunia kutoka Magole. Mwarobaini hufukuza wadudu. Baka jani halina ulimi wa kuonja uchungu. “Panda kabichi na njegere,” alisema bibi, “nyanya waachie watu wa jua.”

Njegere zimekubali. Na siku anga likiwa jeupe, majirani huleta simu zao kuchaji, wanalipa kwa ndoo ya samadi. Tulikimbia shirika la umeme, sasa ni sisi shirika. Ukungu ukishuka, wateja wana namba ya kupiga: yangu. Ila wakipiga hawanipati, kwa sababu simu yangu nayo imezima.