Ngome ya Kumwonyesha Shemeji

Shemeji yangu wa Mombasa haendi popote bila Fort Jesus. Mwonyeshe kanisa, atasema kuta zake nyembamba. Mpe ebitoke, na kabla hajameza utaambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo ikasalimu amri. Sisi wa Miembeni hatukulelewa kushindwa maneno. Tukampeleka ziwani akaone ngome yetu.

Shida ya ngome yetu ni kwamba haipo. Emin Pasha alifungua kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890, na boma likajengwa. Juni 1915 Waingereza wakaja kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana siku mbili, wakalipua boma na mnara wa simu ya upepo, wakapora walichoweza kubeba, wakaondoka.

"Siku mbili tu, shemeji?"

"Mbili. Lakini mmoja wao alikuwa Frederick Selous, yule mwindaji ambaye pori la Selous limepewa jina lake. Kwenu alikuja nani?"

Akataka kujua boma lilisimama wapi hasa. Nikazungusha mkono ukaenea nusu ya ufukwe, ili popote lilipokuwa nisilikose. Yeye akaona nyasi na mbuzi.

"Basi niwaonyeshe watu wa bara kuogelea," akasema, akivua fulana yake yenye picha ya mnajua nini. Nilimtajia kichocho, akanijibu kwamba mwana wa Mvita hafundishwi maji. Akaingia, akajilaza chali kama alivyozoea kwao. Miguu ikazama kwanza, kiuno kikafuata. Baharini ni chumvi inayombeba mtu. Ziwa Victoria humwachia kila mmoja uzito wake. Akapiga mikono, akanywa ya kutosha, akaibuka akikohoa.

"Haya maji yana nini?"

"Hayana kitu. Ndiyo shida."

Huku nyuma mbuzi alikuwa keshatafuna lango kuu, na sasa alikuwa kwenye mizinga.

Mwenye mbuzi alipofika hakuomba radhi. Alitaka kujua kama rangi ya ile fulana ina sumu, na mnyama akiugua tumbo nani atamlipa daktari wa mifugo. Nilijaribu kutetea, lakini kwa Kihaya yule mama alinizidi. Tulipatana elfu tano, akatoa shemeji. Njiani kurudi alivaa sweta ya mke wangu, na kila tuliyekutana naye alimsalimia kwa heshima mno.