Kiuno Hakina Shahidi

Maumivu ya kiuno yana kasoro moja kubwa: hayaonekani. Mtu akivunjika mkono hufungwa plasta nyeupe hospitalini, akaletewa chai kitandani, na watoto wakagombania kuiandika majina. Mwenye kiuno hutazamwa kuanzia unyayo hadi utosi, kisha akaulizwa, "Kwani wewe una nini? Hebu shika huku tuinue."

Na hapa Mackinnon Road vya kuinua havikosekani. Kuna mitungi ya maji ya lita 20. Kuna magunia ya makaa. Kuna mbuzi wanaopandishwa pikapu bila hiari yao, na kila alfajiri, kando ya barabara kuu, kuna kigari kilichokataa kuwaka kinachongoja wa kukisukuma. Mtu pekee ninayemjua aliyepata kusamehewa uzito katika mji huu ni Sayyid Baghali, aliyezikwa pale msikitini kando ya reli. Husimuliwa kwamba alipokuwa kwenye ujenzi wa reli ya Waingereza, karai alilobebeshwa lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Ile ilikuwa karama, na madereva mpaka leo husimama pale kuomba salama ya safari. Sisi wengine mizigo yetu hukaa palepale kichwani, halafu ikashuka taratibu mpaka kiunoni.

Nina mpwa anayekanda watalii huko Diani, ufukweni mwa kaunti yetu ya Kwale. (Tafadhali msianze. Ukisema unatoka Kwale, mtu wa bara hukuuliza habari za bahari. Bahari ipi? Sisi nasi ni Kwale, ila ni Kwale ya vumbi la Taru, na samaki tunamjua akiwa amekwisha kukaangwa.) Alikuja likizo akanikuta nimejipinda mlangoni. Hakusema pole. Alifungua begi akatoa tepu ya buluu. "Mjomba, hii ndiyo wanayovaa wachezaji."

Niliikumbuka. Juni 2012, nusu fainali ya Kombe la Ulaya kule Warsaw, Balotelli wa Italia aliifunga Ujerumani mabao mawili, akavua jezi na kutunisha misuli, mgongoni ana mistari ya buluu. Refa akampa kadi ya njano. Kwenye banda la mpira hakuna aliyejadili mabao; ubishi wote ulikuwa wa ile mistari, na walioamini ni hirizi ya Kizungu walikuwa wengi kuliko walioamini ni dawa. Kumbe si ya Kizungu hata kidogo. Aliyeibuni ni Mjapani, Kenzo Kase, miaka ya 1970, na dunia ikaipenda zaidi baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2008, Kerri Walsh wa Marekani alipocheza voliboli ya ufukweni nayo begani.

Kubandikwa kwenyewe ni kazi. Tepu hiyo ni kitambaa cha pamba kinachovutika, upana sentimita 5, na gundi yake imepakwa mawimbi mawimbi. Ngozi iwe kavu, isiwe na mafuta. Nywele za mgongoni zilinyolewa, na mke wangu akacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mpwa alikata pembe za tepu kwa mkasi zikawa mviringo, ili zisianze kubanduka, kisha akasema, "Mjomba, inama." Ningekuwa naweza kuinama, wewe ningekuitia nini? Ncha zikabandikwa bila kuvutwa, katikati akavuta kidogo, halafu akasugua kwa kiganja ili gundi ipate joto. Joto, Mackinnon Road! "Itakaa siku tatu mpaka tano," akasema, "na maji hayaidhuru, we oga tu." Nioge na nini? Maji ya chemchemi za Mzima yanapita hapahapa ndani ya bomba yakielekea Mombasa, na sisi tunayatakia safari njema.

Nikamuuliza inaponyaje. Akasema huinua ngozi kidogo, damu ikapata njia, maumivu yakapungua. Maneno matamu. Lakini mimi kinachouma ni kiuno, macho ni mazima, nikasoma. Mwaka 2014 Wabrazili walichapisha jaribio lao la wagonjwa 148 wa kiuno. Kundi moja lilibandikwa tepu ikiwa imevutwa kama inavyofundishwa, jingine likabandikwa ikiwa haijavutwa. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa na nafuu ileile. Mpwa nilipomwonyesha hakutikisika. Akasema tepu ni msaidizi tu, dawa ni mazoezi na kutembea, na ngozi ikiwasha niibandue. Mbona hayo ya mazoezi hakuyasema kabla ya kupokea pesa?

Lakini kero yangu hasa si hiyo. Kero ni kwamba tepu ikiwa kiunoni, shati linaifunika. Jioni ileile niliitwa kusukuma gari. Nikasema naumwa. Wakasema huumwi wewe, mzee, jana tulikuona sokoni. Basi mtu wa umri wangu, kando ya barabara ya Mombasa, nikafunua shati mbele ya vijana wa bodaboda kutoa ushahidi, na basi la abiria likapunguza mwendo kutazama.

Nikafikiri. Ikiwa Brazili kuvuta na kutovuta ni mamoja, basi na mahali pa kubandika pasiwe jambo la kugombana. Nikamwambia mpwa kipande kilichobaki anibandike shingoni, pale kola haifiki. Akasema, "Mjomba, lakini shingo haiumi." Nikamwambia abandike.

Jamani, tepu inafanya kazi! Mitungi ya maji inanipita bila hata kunisalimu. Muuza duka ananisogezea stuli. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuniamini kwa lolote, aliniambia pole kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Kiuno kinauma vilevile, ila sasa kinauma kwa heshima.

Mpaka juzi, matangani. Nilikuwa nimepewa kiti chenye mikono, kivulini, vijana wakihangaika na masufuria. Akaingia mzee mwenzangu ambaye sijapata kumsikia akilalamikia kitu isipokuwa serikali ya kaunti. Kikoi kakipandisha kuliko kawaida, na magoti yote mawili yamebandikwa tepu ya waridi.

"Mpisheni mgonjwa jamani," mtu akasema. Watu wakaangalia magoti, wakaangalia shingo yangu, wakapiga hesabu. Nikainuka.

"Umeipata wapi hiyo?" nikamuuliza wakati anajituliza kwenye kiti changu.

"Kwa mpwa wako. Kijana mzuri yule, kanipunguzia nusu bei. Wewe alikuuzia ngapi?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha kuitwa nikashike upande wa sufuria la pilau.