Mapumziko ya Kubeba

Mmarekani akitaka kuishi siku chache kama mtu asiye na mali, huanza kwa kupakia mali. Gari mbele, trela ndogo ya kulala nyuma yake, na mkiani baiskeli nne zimepangana kama mishikaki.

Sasa itazame bampa ya trela aliyozifungia. Kwenye trela nyingi ni bomba la pembe nne la chuma chembamba, lililokusudiwa kubeba tairi la akiba, basi. Kitabu cha maelekezo mara nyingi husema wazi: usifunge kitu hapa. Lakini kitabu kiko kwenye droo, na droo, naam, iko ndani ya trela. Baiskeli moja ya umeme huweza kufika kilo 25, na mkia wa trela hurushwa zaidi na kila shimo kuliko gari lenyewe.

Tena mzigo wa mkiani huinua pua ya trela. Marekani hushauriwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikalie ndoano ya gari. Ikipungua, trela huanza kuyumba kwenye mwendo kasi, na dereva, masikini, hulaumu upepo.

Wapo wanaozifunga baiskeli juu ya paa la gari. Hao wako salama kabisa, mpaka wakumbane na maegesho yenye dari ya chini.

Hatimaye msafara unafika hifadhi ya taifa. Mwanzoni mwa njia ya msituni pana kibao: baiskeli marufuku.