Mwanagenzi wa Kufuli Kisiwani Manda

Mwanagenzi wa ufundi wa kufungua kufuli bila ufunguo huanza na kufuli ndogo ya shaba, ambamo pini, yaani vijiti vifupi vinavyosukumwa na springi, huizuia silinda isizunguke. Naye huikaza silinda kidogo kwa kipande cha bati kilichopindwa, huku akiinua pini moja baada ya nyingine kwa ncha ya waya, mpaka kila moja itulie mahali pake kwa mlio mdogo. Kisiwani Manda, pwani ya Kenya, hata hivyo, stadi huyo hukuta chumvi ya bahari imemtangulia, kwa kuwa kufuli iliyotundikwa kwenye tumbuu, yaani pete ya chuma ya mlangoni, huliwa na kutu hata mwenye ufunguo naye akashindwa. Akiona haya, na aende Takwa, mji wa kisiwani humo uliohamwa katika karne ya 17, ambako zimebaki kuta na nafasi za milango zisizo na komeo. Huko atafaulu kila jaribio. Ila asikawie, kwani Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtaka akutwaye usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba atoe sababu halali, na si askari wengi watakaoridhika kuambiwa kuwa bwana huyu yumo mafunzoni.