Koti la Manyoya kwa Asiyejua Kushona

Sogea nikupe siri ambayo mafundi cherehani hawaitoi bure: koti la manyoya bandia ndiyo nguo inayomsitiri kuliko zote mtu asiyejua kushona. Suruali ya kitambaa laini itakuumbua. Mshono ukipinda kidogo tu, mtaa mzima unauona. Manyoya yanameza mshono uliopinda, uzi uliokosa rangi na mkono uliopachikwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo kama una harusi Njombe mwezi wa Julai, au mtoto amepangiwa shule Makete, usitishike. Baridi ya kule haina mchezo, na Kitulo umande huganda asubuhi. Mtu wa Mtwara anayelala madirisha wazi mwaka mzima anastahili koti kuliko abiria yeyote wa basi la Songea, na anastahili kushuka nalo akiwa amependeza.

Anza na kitambaa. Usikimbilie jora. Belo la mitumba likifunguliwa, watu wa pwani wanagombea fulana na magauni mepesi. Koti zito la manyoya linabaki chini, na bei yake inashuka jua linavyopanda. Chukua lililo kubwa kuliko yote, hata kama wanaingia wawili. Hilo ndilo jora lako, tena limekuja na bitana yake na nembo shingoni. Ukilikosa, agiza kitambaa Kariakoo, na uagize msimu wa korosho, hela ikiwepo. Kukata subiri Juni, kusi ikishaleta ubaridi. Kukumbatia manyoya mwezi wa Novemba ni kujitesa.

Paterni usichore. Laza shati lako linalokupwaya juu ya gazeti, lizungushie kalamu, ongeza vidole vinne kila upande. Kola kataa. Mikunjo ya kiuno kataa. Mifuko ya kupachika kataa. Kila unachokikataa ni kosa ambalo hutalifanya.

Kukata ndipo mahali pekee nisipokuruhusu kuchakachua. Kosa la kushona linafichika, la kukata halifichiki. Pitisha kiganja juu ya manyoya: ukienda huku yanalala, ukirudi yanasimama. Mgongo, kifua na mikono, vyote vilale kuelekea chini. Kipande kimoja kikielekea juu kitang'aa tofauti na wenzake, na picha za harusi zitakusuta miaka yote. Geuza kitambaa, chora kwa chaki upande wa nyuma, kipande kimoja kimoja. Ukishachora mkono wa kulia, pindua gazeti ndipo uchore wa kushoto, la sivyo utapata mikono miwili ya upande mmoja.

Sasa weka mkasi kando, shika wembe. Mkasi unakata hadi manyoya yenyewe na kuacha ukingo wenye kipara. Wembe ulioshikwa kwa ncha za vidole unachana kitambaa cha nyuma peke yake, na manyoya yanaachana kama nywele zinapochanwa njia. Fanyia barazani, mapema, upepo haujaanza, khanga ikiwa imefungwa puani. Vumbi la manyoya likiingia kwenye sufuria ya mchuzi, nyumba nzima itakuchukia wewe na koti lako.

Kushona ni kwepesi. Kwa wembe uleule nyoa ukingo wa mshono, upana wa kidole. Bana vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo, maana pini zinazama humo na utazikuta siku ya kuvaa. Weka sindano namba 16 au 18, refusha mshono hadi milimita 4, kanyaga cherehani polepole kufuata manyoya yanakolalia. Kisha chukua sindano nene, pita juu ya mshono ukichokoa manyoya yaliyonaswa ndani, chana kwa kitana. Mshono umepotea. Fundi aliyehitimu VETA ataupapasa asiupate.

Pasi usiguse kabisa. Manyoya mengi bandia ni akriliki, uzi ambao kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza mwaka 1950, nao ukikutana na joto kali unayeyuka. Pasi ya mkaa haina kipimo. Mguso mmoja tu, kifua cha koti kinakuwa ngozi ngumu. Mshono usiotaka kulala ukandamize kwa vidole, tena ukandamize kwa kijiko.

Matundu ya vifungo ni kazi ya mafundi, waachie. Wewe weka kulabu, ila ziwe za plastiki au shaba. Anayeishi Msimbati au Msanga Mkuu anajua hewa ya bahari inavyokifanya chuma: kutu itashuka kwenye bitana na haitatoka. Unyevu huohuo unaleta ukungu, kwa hiyo usilifungie koti kwenye mfuko wa nailoni. Lining'inize penye upepo, kivulini, hadi siku ya safari.

Bado moja. Ile nembo ya koti la mtumba, ihamishie shingoni mwa koti lako, ushone kwa mkono, taratibu. Ukumbini Njombe watakuuliza umelitoa wapi. Jibu kwamba limetoka nje, kwa sababu kweli lilitoka nje. Na anayetaka umshonee la kwake, pokea nusu ya malipo kabla hujagusa wembe.